MTOTO ANAYESHINDWA MASOMO SI KICHWA KIGUMU



Kuna neno moja linalotembea katika nyumba zetu tangu zamani. Mtoto akishindwa kusoma, baba anasema: "Huyu ni kichwa kigumu." Mama anasema: "Huyu hana akili sawa na ndugu yake." Mwalimu naye, kwa kuwa ana watoto wengi na saa chache, anaandika alama mbaya katika buletini, na mambo yamekwisha. Mtoto anarudia kalasi, anarudia tena, halafu anaacha masomo. Sisi tunasema leo: neno hili si kweli, na linatuibia watoto kila mwaka.

Hatusemi hivi kwa kusikia. Sisi tunaoandika haya ni makarani wa mgodi. Kazi yetu ni vitabu vya zamu, mizani na mishahara. Lakini mwaka huu wa masomo, kila siku ya tatu mchana, na siku ya posho asubuhi kama hatuna kazi, tumekwenda kumsaidia mwalimu wa kalasi ya tatu katika shule moja ya msingi ya mtaa wetu. Hatulipwi, wala hatukuchukua nafasi ya mwalimu. Yeye ana watoto 84. Alitupa 9, wale wa alama za chini kabisa, akatuambia tukae nao. Tulikaa nao chini ya mwembe wa uwanja, na yale tuliyoyaona pale tunataka myajue ninyi nyote.

Wafanyakazi wa migodi, ninyi mnajua jambo hili kuliko watu wote: jiwe halitupwi kwa kutazama rangi yake. Linachukuliwa, linasagwa, linapimwa, ndipo inaandikwa lina shaba kiasi gani. Mji wa Lubumbashi una mlima mweusi wa takataka za tanuru. Kwa miaka mingi watu waliuona kuwa uchafu tu. Ulipopimwa vizuri ukaonekana una kobalti nyingi, na tangu miaka ya 2000 takataka zile zikaanza kuyeyushwa tena kwa faida kubwa. Takataka zilipimwa mara ya pili! Na mtoto wetu je? Yeye tunamwandika "bure" kwa mtihani mmoja, wala hatuulizi kitu.

WATOTO TULIOWAJUA

Mtoto wa kwanza alitushangaza. Tulimpa kitabu, akasoma ukurasa mzima bila kusita, kwa sauti nzuri. Tukajiuliza: huyu anashindwa nini? Tukaweka unyasi juu ya neno moja katikati ya ukurasa, tukamwambia asome neno lile tu. Akanyamaza. Tukafunika picha, hakuweza hata mstari mmoja. Kumbe hakuwa anasoma. Alikuwa amesikia wenzake wakisoma pamoja kwa sauti, akashika yote kwa moyo, kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho. Tufikiri kidogo, wandugu. Mtoto anayeweza kushika ukurasa mzima kwa kusikia tu, huyo hana akili? Akili anayo, tena nyingi. Kitu asichokuwa nacho ni herufi, kwa sababu siku zile herufi zilipofundishwa katika kalasi ya kwanza alikuwa mgonjwa muda wa miezi miwili, na aliporudi hakuna mtu aliyerudi nyuma pamoja naye.

Wa pili ni msichana ambaye hakusema neno lolote kalasini. Watu walidhani ni mjinga. Mwalimu akiandika ubaoni 7 mara 500, na kuuliza kwa Kifaransa, msichana anatazama chini. Lakini sisi tulijua kwamba mama yake anauza makala kwa vifungu kando ya njia, na kwamba yeye ndiye anayekaa pale mchana. Tukamwuliza kwa Kiswahili: "Mtu akichukua vifungu 7 vya franka 500, atalipa ngapi?" Hatujamaliza kuuliza, akajibu: "3,500." Tukamwuliza tena: "Na akikupa 5,000?" Akasema: "Namrudishia 1,500, lakini kwanza natazama kama noti ni nzima." Tulicheka sote, naye akacheka. Hesabu alikuwa anaijua. Kitu kilichomfunga ni lugha ya kuulizia.

Wa tatu alikuwa anaandika ovyo, akitazama daftari la jirani. Wakamwita mwizi. Tulipokaa naye karibu tuliona namna anavyokunja macho. Ubao hauoni! Mwalimu alimweka benchi la mbele siku ile ile, na baba yake tulimshauri ampeleke hospitali kupimwa macho. Miaka mitatu mtoto huyu amekaa nyuma, na miaka mitatu ameadhibiwa kwa sababu ya macho yake.

Wa nne ni mvulana mwenye miaka 13, mrefu kuliko wote. Amerudia kalasi mara nyingi. Wadogo wakimsikia anakwama kwa silabi, wanacheka, naye anatoka nje. Watu wanasema ana kiburi. Hana kiburi, ana haya. Tulipomtenga peke yake na kumpa karatasi ya bei za sokoni, akaanza kusoma pole pole: unga, chumvi, mafuta, sabuni. Mtu mkubwa hataki kusoma habari ya sungura mbele ya watoto. Mpe kitu cha mtu mkubwa.

Wa tano analala. Kila siku ya kwanza ya juma analala juu ya daftari lake. Wandugu, mnajua sababu bila sisi kuisema. Siku ya posho na siku ya Mungu anakwenda mtoni kuosha mawe ya wachimbaji, miguu ndani ya maji tangu asubuhi, na gunia kichwani jioni. Tulikwenda kwao kwa heshima. Mama hakutudanganya. Alituambia: "Baba yake hana kazi. Nikimzuia mtoto, jioni tutakula nini?" Sheria ya 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inakataza kazi za namna ile kwa watoto, lakini sheria haikuweka unga ndani ya chungu cha mama yule. Sisi hatuna dawa ya jambo hili, wala hatutaki kuwadanganya wasomaji. Mvulana bado anakwenda mtoni. Tulilopata ni dogo: mama amekubali asiende siku ya posho asubuhi, wakati wetu wa kusoma, na mwalimu hamwadhibu tena akisinzia siku ya kwanza. Ni dogo, lakini sasa mtoto huyu anasoma mistari miwili.

Wengine wanne hatutawaeleza mmoja mmoja. Mmoja anachelewa kwa sababu anateka maji kabla ya jua. Mmoja analea mtoto mdogo wa dada yake. Mmoja alitoka kijijini mwaka jana, anasikia Kisanga tu, Kiswahili chenyewe ni kigeni kwake. Na mmoja, kwa kweli, hatujajua bado shida yake ni nini. Tunaendelea kukaa naye. Katika watoto hawa wote 9, hatukumwona hata mmoja ambaye unaweza kumwita kichwa kigumu.

NENO HILI LILISEMWA JUU YA BABA ZETU

Kwa nini tunaandika jambo la watoto 9 katika gazeti la watu wanaojali uhuru wa nchi? Tutawaambia.

Wakati wa ukoloni shule za msingi zilikuwa nyingi. Katika makambi ya Union Minière watoto wa wafanyakazi walisoma kwa mapadre na masista. Lakini katika nchi nzima, watoto wengi waliishia kalasi ya kwanza na ya pili, na njia ya juu ilikuwa nyembamba kama sindano. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na diploma ya chuo kikuu hawakufika 30. Na wakubwa wengi wa wakati ule walidhani sababu iko ndani ya mtu mweusi mwenyewe: mikono anayo, lakini kichwa cha kitabu hana. Wazee wetu walikataa neno lile kwa hasira, na walikuwa na haki.

Basi tujiulize. Neno ambalo wazee wetu walilikataa kinywani mwa mkoloni, kwa nini sisi tunaliweka kinywani mwetu juu ya mtoto wetu wenyewe? Mkoloni hakukaa na mtoto wa mfanyakazi kumwuliza shida yake. Sisi je, tunakaa naye?

Katiba ya nchi yetu, ya 18 Februari 2006, inasema katika kifungu cha 43 kwamba shule ya msingi ni lazima, na katika shule za serikali ni bure. Neno lile lilikaa kwenye karatasi kwa miaka. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa walimu, ni wazazi waliobeba mzigo wa mishahara kwa franka zao. Ndipo katika Septemba 2019 serikali ikaanza kufanya shule ya msingi kuwa bure kweli, na watoto kwa mamilioni wakaingia. Tulifurahi, na tunafurahi bado. Lakini kuingia mlangoni ni jambo moja, na kujifunza ni jambo lingine. Banki ya Dunia imehesabu kwamba katika Kongo, kati ya watoto 100 wenye miaka 10, 97 hawawezi kusoma na kuelewa maandiko mafupi. Someni tena hesabu hii, wandugu: 97 kati ya 100! Mtu mwenye akili atasema kwamba watoto 97 wote ni vichwa vigumu? Kama katika zamu moja watu 97 kati ya 100 wamekosa kuleta mawe, mkubwa wa kazi hatasema watu wote ni wavivu. Atatazama mashine, atatazama taa, atatazama hewa ya shimoni.

HABARI YA LUGHA

Tumesema habari ya msichana wa makala. Si yeye peke yake. Katiba inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria ya masomo ya 11 Februari 2014 inaruhusu lugha hizi zitumike katika kufundisha, na programu inataka mtoto aanze kusoma katika lugha anayoisikia, huku Kifaransa kikiingia pole pole. Ni maneno mema. Lakini vitabu vya Kiswahili ni vichache, na wazazi wengine wanalalamika wakisikia mtoto anafundishwa Kiswahili. Wanasema: "Kiswahili anacho nyumbani, tunataka Kifaransa."

Sisi tumesoma sekondari ya misioni, Kifaransa tunakijua, na ndicho kinachotupa mkate. Hatukidharau. Lakini tuliona kwa macho yetu: mtoto akijua kwamba ba na ba ni "baba", anaruka kwa furaha, maana neno lile analijua. Akishika ufunguo ule, baadaye anafungua mlango wa Kifaransa pia. Lakini ukimpa herufi asizozijua, za maneno asiyoyasikia, umemfunga mara mbili.

WATU WANATUJIBU

Wengine wanatujibu: "Kazi hii ni ya serikali." Ni kweli. Mwaka 2021 na mwaka 2024 walimu waligoma wakidai mishahara yao, na sisi tulisema wana haki. Mwalimu mwenye watoto 84 na mshahara mdogo hawezi kumjua kila mtoto, hata akiwa na moyo wa mtakatifu. Tunaidai serikali kalasi, vitabu na mishahara, na hatutaacha kudai. Mkono wetu usiwe kisingizio cha mtu yeyote cha kutolipa mwalimu. Lakini mtoto wa kalasi ya tatu ana mwaka mmoja tu wa kuwa katika kalasi ya tatu. Akingoja mpaka serikali imalize mipango yake, atakuwa na ndevu.

Wengine wanasema: "Sisi hatuna diploma ya ualimu." Je, kumsikiliza mtoto akisoma kunahitaji diploma gani? Mtu anayeweza kusoma tangazo la hatari mlangoni mwa mgodi anaweza. Mama anayesoma kitabu cha sala anaweza. Katika Uhindi, katika miji ya Mumbai na Vadodara, chama cha Pratham kilichukua wasichana wa mitaa waliomaliza sekondari, wakawapa mafundisho mafupi na malipo madogo, kisha wakawapa kila mmoja watoto 15 mpaka 20 walio nyuma, saa mbili kila siku ya shule. Waliwaita balsakhi, maana yake rafiki wa mtoto. Wataalamu waliipima kazi ile tangu 2001 mpaka 2003, wakaona kwamba watoto waliokuwa nyuma kabisa ndio waliofaidika zaidi. Wasichana wale hawakuwa walimu wakubwa. Walikuwa na nafasi ya kumjua kila mtoto, na kumfundisha kuanzia pale alipo.

Wengine wanasema: "Tumechoka. Mtu ametoka zamu ya usiku, aende tena shuleni?" Ndugu, tunajua uchovu wa zamu. Hatuombi kila siku. Tunaomba saa moja kwa juma. Saa ngapi tunakaa kando ya chupa, tukilaumu nchi kwamba haiendi?

Na faida ni nini? Tutasema bila kuongeza. Tangu tulipoanza, katika watoto 9, wanne sasa wanasoma sentensi fupi na kueleza maana yake. Watatu wanasoma silabi. Mmoja bado anapambana na herufi. Mmoja wazazi wake wamehama, hatujui yuko wapi, na tunasikitika. Si miujiza. Lakini jambo lingine limebadilika: watoto hawa hawakai tena nyuma wakitazama chini. Mtoto anayejua kwamba kuna mtu mkubwa anayengoja kumsikia, anakuja shuleni.

NAMNA YA KUIFANYA KAZI HII

Mtu akitaka kuingia, afuate mambo haya:

1. Aende kwanza kwa mkubwa wa shule, kwa mwalimu na kwa kamati ya wazazi, aombe ruhusa. Shule si soko la kuingia ovyo.

2. Akae na watoto mahali pa wazi, mbele ya watu, chini ya mti au mlangoni mwa kalasi. Asimchukue mtoto peke yake nyumbani.

3. Asianze kufundisha. Aanze kuuliza: Unakaa na nani? Umekula? Unasikia lugha gani? Kazi yako ya nyumbani ni nini? Ampe neno moja asome, hesabu moja afanye, atazame mtoto anakwama wapi.

4. Awe na daftari, na mstari mmoja kwa kila mtoto kila siku: leo amejua nini. Sisi makarani tunajua nguvu ya daftari.

5. Aanze pale mtoto alipo, hata kama ni herufi ya kwanza na mtoto ana miaka 13.

6. Asipige, asicheke, asitukane. Fimbo haijui kusoma.

7. Siri ya nyumba ya mtoto abaki nayo moyoni, isipokuwa mtoto yuko hatarini; hapo amwambie mkubwa wa shule. Mtoto akisikia mtaani habari aliyokueleza wewe, hatakuambia tena kitu.

8. Asiahidi kitu asichoweza kutoa, na siku aliyosema atakuja, aje. Watoto hawa wameachwa na watu wengi. Usiwe mmoja wao.

Wandugu, uhuru wa nchi si bendera peke yake. Mfanyakazi asiyeweza kusoma mkataba wake anatia kidole, na kesho analia. Mama asiyeweza kusoma karatasi ya dawa anampa mtoto vidonge kwa kubahatisha. Mwanakijiji asiyeweza kusoma karatasi ya kampuni iliyokuja kuchukua shamba lake, anapoteza shamba. Watu hawa wote walikuwa watoto wa kalasi ya tatu siku moja. Wengi walikaa benchi la nyuma, na hakuna mtu aliyewauliza: "Wewe unakwama wapi?"

Kila mtaa wetu una shule, na kila shule ina benchi la nyuma. Juma hili, kabla ya siku ya posho, mmoja wetu katika kila kumi ya wafanyakazi aende kwa mkubwa wa shule ya mtaa wake amwambie: "Nipe watoto watano wanaokushinda. Nataka kuwajua." Wale wa zamu ya mchana waende asubuhi, na wale wa zamu ya asubuhi waende mchana. Na mama wanaojua kusoma wasingoje kuitwa na wanaume.

Karani wa mgodi